Ribaundi ya Kumi

Hakuwa na gari wala baiskeli. Hakuwa na suti. Alikuwa na koti moja la rangi ya majivu alilouziwa na mtu aliyenenepa likamkataa. Hakuwa na shahada ya chuo chochote, na hata cheti chake cha sekondari alikipata akiwa na miaka ishirini na saba, kwa masomo ya jioni, dawati moja na wazee wenye wajukuu. Hakuwa na kimo. Aliupenda mpira wa kikapu tangu utotoni, lakini aliacha kurefuka akiwa na miaka kumi na minne, na mchezo ukampita juu ya kichwa. Hakuwa na baba wa kumsindikiza popote. Katika simu yake hamkuwa na namba ya msichana hata mmoja, ukiwaacha shangazi zake, na hao walikwisha kuwa bibi za watu.

Mwandiko alikuwa nao. Siku za kazi alikuwa karani wa stoo ya vipuri vya magari, akiandika boliti, beringi na mikanda ya injini katika daftari kubwa ambalo meneja alipenda kuwaonyesha wageni. Jumamosi na Jumapili alikuwa mwandishi wa takwimu uwanjani: kila mchezaji amefunga pointi ngapi, ametoa pasi ngapi zilizozaa kikapu, amepoteza mpira mara ngapi, na ameokota ribaundi ngapi, yaani ile mipira inayokosa kikapu ikagombaniwa hewani. Stooni na uwanjani watu walimwita Karani, naye alilipenda jina hilo kama wengine wanavyopenda cheo.

Kazi ya takwimu hufanywa na watu wawili. Mmoja anatazama mchezo na kuita kwa sauti; huyo ni mwitaji. Wa pili anaandika bila kuinua macho, maana mchezo ule hauna subira: ukisema utazame kikapu kimoja, viwili vimekwisha kukupita. Karani alikuwa ameandika mechi zaidi ya mia mbili, na hakuwa ameona hata moja.

Mwitaji wake wa miaka mingi alipostaafu, alijaribu wengine watatu. Wa kwanza alishangilia badala ya kuita. Wa pili alisinzia. Wa tatu alikuwa akisema, "Yule mrefu amefunga," katika mchezo ambao wote ni warefu.

Ndipo Jumatatu moja asubuhi akampeleka mama yake hospitali, kliniki ya macho.

Ukumbi ulikuwa umejaa hadi mlangoni. Watu walibanana kwenye mabenchi wakiwa na vipande vya karatasi vyenye namba, watoto wanalia, feni inazunguka kwa uvivu, na juu ya kelele zote ilisimama sauti moja kutoka dirisha la mapokezi, safi, isiyo na haraka.

"Sitini na moja, chumba cha pili. Sitini na mbili, chumba cha tano, na baba, fimbo yako umeiacha kwenye benchi. Sitini na tatu, chumba cha kwanza."

Karani, kwa mazoea, alikuwa akiziandika nyuma ya karatasi ya mama yake. Kisha akakunja uso, akainuka, akaenda dirishani. Aliyekuwa ndani alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita hivi, gauni la kazi la buluu lililopigwa pasi vizuri, hereni ndogo za duara, nywele zimefungwa nyuma kwa kitambaa cha njano.

"Samahani, dada. Umeruka sitini na nne."

"Sijaruka, kaka."

"Umetoka sitini na tatu, ukaenda sitini na tano. Nimeandika."

"Umeandika?" Msichana akachungulia karatasi. "Unaandika namba za wagonjwa wa watu? Wewe ni askari?"

"Ni mazoea tu."

"Basi andika na hili. Sitini na nne ni mama mwenye kilemba cha kijani. Ametoka kwenda msalani, na mwavuli wake ameuacha kwenye kiti umshikie nafasi. Akirudi nitamwita." Akatazama mlangoni bila kugeuza kichwa. "Huyo anaingia. Sitini na nne, chumba cha pili!"

Mama mwenye kilemba cha kijani akaokota mwavuli wake, akaenda. Karani akarudi kwenye benchi.

"Umeambiwa nini?" mama yake akamuuliza. Mama huyo macho yalikuwa yamefifia lakini masikio yalikuwa mazima.

"Hakuna, mama."

"Hakuna, na sauti imepungua hivyo? Rudi ukaombe radhi. Na ukiwa huko muulize kama ameolewa."

Alirudi akaomba radhi. Hakuuliza la ndoa. Aliuliza kama anajua mpira wa kikapu.

"Mdogo wangu anacheza," alijibu. "Nimekaa kwenye ngazi za uwanja mpaka nimeota sugu. Kwa nini?"

"Natafuta macho," alisema Karani.

"Umefika kliniki yenyewe," alisema msichana, na wote wawili wakacheka, mpaka namba sitini na tisa akapiga kikohozi cha kuwakumbusha.

*

Wiki ile ile msichana alianza kazi ya kuita, na kabla ya mwezi kwisha wenzake wa meza ya uwanjani walikuwa wamempa jina la Redio. Alikaa upande wa kushoto wa Karani, viwiko juu ya meza, na maneno yakamtoka kama maji ya bomba: "Nne, mbili, ndani. Tisa, pasi. Sita wa wageni, amekosa. Ribaundi, kumi na mbili." Karani aliandika: namba nne, pointi mbili, mpira umeingia. Ilikuwa mara ya kwanza katika mechi mia mbili kuhisi kwamba anauona uwanja. Aliuona kwa sauti ya msichana.

"Usiite kwa kupenda," alimfundisha siku za mwanzo. "Akianguka unayempenda, ita ameanguka. Sisi hatuandiki tunachotaka. Tunaandika kilichotokea."

"Ndiyo, mwalimu."

"Nasema kweli."

"Nami nimesema ndiyo, mwalimu. Andika basi kwamba Redio amekubali."

Simu zilianza kama jambo la kazi. Alimpigia kuuliza kama ile pasi ya robo ya tatu ilikuwa ya nane au ya kumi na nane. Siku iliyofuata akapiga tena kuuliza jambo alilokwisha kuuliza.

"Karani," alisema Redio, "swali hili ulileta jana."

"Nilitaka kuhakikisha."

"Huna swali jingine huko stooni kwako? Tafuta kwenye rafu ya juu."

Kisha Karani, kwa sauti ya mtu anayepanda ngazi bila kushika ukuta: "Jumapili baada ya mechi, tunywe chai?"

"Hilo ndilo lililokuwa rafu ya juu?"

"Ndilo."

"Limekaa huko siku nyingi, lina vumbi. Nitakuja, mpenzi."

Neno hilo la mwisho alilisema kwa mzaha. Karani aliliandika nyuma ya daftari la beringi, pamoja na tarehe.

Walikunywa chai Jumapili ile na Jumapili nyingine ishirini. Redio alikuja na gauni lake la maua madogo na viatu vya kamba. Karani na koti lake la majivu. Mdogo wake Redio, binti wa miaka kumi na saba, mrefu kama mlango, alikuwa akipita mezani kwao na begi la mazoezi begani, anachukua andazi bila kuomba.

"Shemeji, nimefikisha ribaundi ngapi msimu huu?"

"Mia moja na arobaini na tatu."

"Unaona, dada? Mwanamume anayekumbuka. Olewa naye haraka kabla hajapata mwingine mwenye hesabu nzuri."

Dada mtu alimtupia kitambaa cha meza. Karani aliinama kukiokota, akakaa huko chini zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

*

Ukafika mwaka ambao timu ya taifa ya wasichana walio chini ya miaka kumi na minane iliandaliwa mechi na jirani zao. Mdogo wake Redio akachaguliwa, jezi namba kumi na moja. Karani na Redio wakapangiwa meza ya takwimu.

Palikuwa na kanuni iliyoandikwa waziwazi: mwenye ndugu uwanjani amwambie kamishna wa mchezo kabla ya mechi, naye ataamua. Redio aliileta kanuni hiyo mwenyewe, siku mbili kabla, wakiwa wamesimama nje ya stoo ya vipuri.

"Nimwambie kamishna leo?"

"Ukimwambia atakuondoa."

"Basi aniondoe. Nitakaa kwenye ngazi, nipige kelele kama dada wengine."

"Nami wataniletea yule wa 'yule mrefu amefunga'. Katika mechi ya kimataifa!" Karani akamshika mkono. "Laazizi, nani asiyejua unavyoita? Acha tu. Mimi ndiye mkuu wa meza ya takwimu. Likitokea neno, nitalibeba."

"Utalibeba?"

"Nitalibeba. Na baada ya mechi nina jambo la kukwambia. Si la takwimu."

Redio alimtazama sana, kisha akatengeneza kola ya koti lake, ingawa ilikuwa imekaa sawa.

Siku ya mechi uwanja wa ndani ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye vidato. Bendi ya shule ilipiga, sakafu iling'aa, viatu vya wachezaji vililia kama panya. Redio alivaa shati jeupe na sketi nyeusi kama meza ilivyotakiwa, na kile kitambaa chake cha njano. Aliita robo tatu bila kosa. Namba kumi na moja alipopoteza mpira, dada yake aliita amepoteza. Alipokosa mitupo miwili ya adhabu, aliita amekosa, amekosa, na sauti haikutetemeka.

Zilibaki dakika mbili. Wenyeji walikuwa wanaongoza kwa pointi moja. Kumi na moja alikuwa na pointi kumi na nne na ribaundi tisa. Kila mtu aliyeketi mezani alijua kwamba kumi za hili na kumi za lile, katika mechi ya kimataifa, ni karatasi ambayo binti huibandika ukutani hadi uzee wake.

"Tano wa wageni, tatu, amekosa," aliita Redio. "Ribaundi, kumi na moja!"

Ilipanda kidogo, sauti ile. Nusu ya ngazi tu. Pengine ni kelele za watu ndizo zilizompandisha. Lakini Karani, ambaye hakuwa ameinua macho katika mechi mia mbili na hamsini, aliinua macho.

Aliona mpira ukiwa mikononi mwa namba saba, pembeni kabisa, mbali na kumi na moja.

Akarudi kwenye karatasi, akaiandika ribaundi ile kwa namba saba. Redio, macho yake uwanjani, aliendelea kuita.

Wenyeji walishinda, sitini na moja kwa hamsini na nane. Watu walikuwa bado wanakumbatiana wakati kocha msaidizi wa wageni alipofika mezani na kamishna wa mchezo, mzee mwenye tai na miwani kifuani.

"Kuna malalamiko," alisema kamishna. "Inasemekana mwitaji wenu ni dada wa mchezaji."

"Ni kweli, mzee," alisema Redio.

"Na takwimu zake?"

Hapo Karani angeweza kusema maneno mengi mazuri. Alisema, kifua mbele: "Ni safi, mzee. Palikuwa na wito mmoja tu wenye mashaka, ribaundi ya dakika mbili za mwisho. Aliita ya mdogo wake. Nimeifuta, nimempa namba saba."

Redio aligeuka polepole. "Ipi?"

"Ile."

"Lakini aliugonga! Aliugonga kumpelekea saba, alikuwa amebanwa na wawili—"

"Nimeuona mpira mikononi mwa saba."

"Umeuona?" Sauti yake ikashuka mpaka ikawa ndogo. "Karani, uliinua macho?"

Kamishna akavaa miwani.

"Binti, kanuni inasema utoe taarifa. Hukutoa. Kwa nini?"

Redio alimtazama Karani.

"Kuna mtu mwingine wa meza hii aliyejua?" aliuliza kamishna.

Karani aliangalia karatasi. Mwandiko ulikuwa mzuri, mistari imenyooka. Aliwaza jina lake, miaka yake ya masomo ya jioni, na jinsi kamishna alivyomwangalia punde tu kwa heshima. Alisubiri labda mtu mwingine aseme. Hakuna aliyesema.

"Basi jina lako linaondolewa kwenye orodha ya waitaji," alisema kamishna. "Karani, umefanya kazi ya kiungwana. Weka sahihi peke yako."

Karatasi ilikuwa na sehemu mbili za sahihi, ya mwitaji na ya mwandishi. Alitia yake, akapiga mstari kwenye ile nyingine. Alipoinua kichwa, kiti cha kushoto kilikuwa kitupu, na juu ya meza palikuwa na kalamu ya akiba ambayo Redio alizoea kumshikia.

*

Alimpigia jioni ile. Haikupokelewa. Alipiga siku tatu. Siku ya nne ikapokelewa.

"Shemeji," ilisema sauti ya mdogo mtu, "dada anasema namba hii haipatikani."

"Lakini ninamsikia anapumua hapo."

"Ndiyo. Lakini anasema haipatikani."

Karani alikasirika. Alijiambia kwamba msichana ameona haya kwa kukamatwa, na akitulia atapiga mwenyewe. Kiburi cha mtu aliyejisomesha ni kigumu kuliko cha aliyesomeshwa; kila tofali amelichonga mwenyewe, na kulibomoa hata moja anaona ni kubomoa nyumba. Mama yake aliuliza mara moja, "Yule wa namba vipi?" Akajibu, "Ana kazi nyingi." Baada ya hapo mama akawa anakwenda kliniki na jirani.

Miezi minane ikapita. Ikaja barua ya shirikisho yenye muhuri: Karani, kwa uadilifu wake, ameteuliwa kuwa mkuu wa takwimu katika mashindano ya vijana ya bara, ng'ambo. Atapanda ndege. Mama yake alinunua sanduku lenye magurudumu, akalizungusha sebuleni kama mtoto na gari la bati. Shirikisho likamtaka pia afundishe waandishi wapya kwa siku mbili kabla ya safari.

Walikuwa kumi na wawili katika chumba cha mikutano, kila mmoja na kitabu cha mwongozo. Siku ya pili asubuhi waliusoma ukurasa wa ribaundi kwa sauti, Karani akiwasimamia kila nukta: mchezaji akiugonga mpira kwa makusudi kumpelekea mwenzake, ribaundi ni ya aliyegonga. Mchana akawasha kompyuta na picha za mechi ile ya kimataifa. Alikuwa hajawahi kuzitazama. Mtu aliyeona kwa macho yake hana haja ya picha.

"Nawaonyesha jambo moja," alisema, "kuhusu mwitaji na damu yake."

Akaiendesha picha. Mpira ukagonga chuma, mikono ikapanda, namba saba akawa nao.

"Mwitaji aliita kumi na moja, kwa sababu ni mdogo wake. Mnaona nyinyi wenyewe mpira uko kwa nani."

Watu wakatikisa vichwa. Nyuma kabisa, mama mmoja mshonaji wa nguo, mwenye futi yake ya kitambaa bado shingoni, akainua mkono.

"Mwalimu, rudisha kidogo. Polepole."

Akairudisha polepole. Kumi na moja aliruka, mmoja wa wageni kushoto, mmoja kulia. Hakuweza kuushika. Aligeuza shingo, akamwona saba pembeni, akanyoosha mkono wa kulia, na kwa ncha za vidole, kama mtu anayesukuma mlango wa chumba cha mgonjwa, akaupeleka.

"Huyu si amemtazama kwanza mwenzake?" aliuliza mshonaji. "Si ndiyo ule ukurasa wa asubuhi?"

Chumba kizima kikafunua kitabu. Karani hakufunua. Ukurasa ule aliujua kwa moyo.

"Rudisha tena, mwalimu," alisema mtu.

Aliirudisha mara tano. Mara ya sita hakuwa ameombwa na mtu.

"Basi," alisema hatimaye. "Mwitaji aliona sawa. Mwandishi ndiye aliyekosea. Andikeni hivyo."

"Na yule mwitaji alifanywaje?" aliuliza mshonaji.

Karani akaizima kompyuta.

*

Asubuhi iliyofuata alivaa lile koti, akaenda kliniki ya macho, akachukua namba kama wengine. Themanini na tisa. Akakaa benchi la nyuma.

Sauti ilikuwa ile ile. Kitambaa cha nywele kilikuwa cha kijivu.

"Themanini na saba, chumba cha kwanza. Themanini na nane, chumba cha nne." Kituo kidogo, cha kupumua tu. "Tisini, chumba cha pili."

Alikuwa amemwona. Karani hakusimama kulalamika. Alikaa. Mia moja ikaitwa, mia moja na ishirini ikaitwa. Mabenchi yakapungua watu, mfagiaji akapita chini ya miguu yake mara mbili. Saa saba mchana, ukumbi ukiwa na yeye na feni, sauti ikasema bila kipaza sauti:

"Themanini na tisa. Dirishani."

Akaenda.

"Shida yako?"

"Aliugonga," alisema Karani. "Nimeona jana. Aligeuza shingo kwanza."

"Najua alichofanya. Nilikuwa natazama."

"Nimekuja kuomba radhi, laazizi."

"Usiniite hivyo, hapa ni kazini." Alipanga vipande vya karatasi vya kesho, kimoja juu ya kingine. "Ribaundi nilikusamehe siku ile ile. Nilivyofika mlangoni nilikuwa nimekwisha kukusamehe. Macho ya mtu hukosea, na yako hata hayajazoea. Kitu kimoja tu sikuweza. Kamishna aliuliza nani mwingine alijua. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Kule juu ya ubao ile saa ilikuwa bado inawaka. Ile ya kumhesabia mwenye mpira, sekunde ishirini na nne arushe au anyang'anywe. Ilikuwa imesimama, nikaihesabu mwenyewe kichwani. Moja, mbili, tatu. Nikasema atasema kabla ya kumi. Nikasema labda anatafuta maneno. Nilikupa zote, Karani. Zote ishirini na nne."

Karani alishika ukingo wa dirisha.

"Ulisema utalibeba," alisema Redio. Macho yake yalikuwa yamejaa lakini hayakumwagika. Alikuwa na miaka mingi ya kutazama bila kupepesa. "Na lile jambo ulilotaka kuniambia baada ya mechi nilikuwa nimekwisha kulijibu. Nilikuwa nimelijibu tangu asubuhi, nikivaa shati."

"Jibu lilikuwa nini?"

"Si limefutwa?"

Mfagiaji alipita tena. Wakasubiri aende.

"Nifanye nini?" aliuliza Karani.

"Ulinifuta mbele ya watu, radhi umeniletea hapa dirishani, tuko wawili na feni. Sijui. Wewe ndiye mwandishi." Akachukua mkoba wake. "Mwisho wa mwezi nahamia hospitali ya mji mwingine. Nimeomba mwenyewe. Na sikia: usiandike ili nirudi. Andika kwa kuwa ilitokea."

"Ukihamia, nitakupata wapi?"

"Mdogo wangu anaijua anwani. Muulize. Anakuita shemeji mpaka leo, nimemkataza mpaka nimechoka."

Dirisha likafungwa taratibu, bila kishindo, na hilo lilimuuma zaidi.

*

Alikaa mezani kwake Jumamosi nzima. Hakwenda uwanjani. Mama yake alisikia kalamu ikikwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza.

"Unaandika nini siku nzima?"

"Barua ya kwenda shirikisho, mama. Nawaambia kwamba mechi ile nilikosea, na kwamba mimi ndiye niliyemzuia yule msichana asitoe taarifa, kisha nikanyamaza."

"Watakuacha uende ng'ambo?"

"Hawataniacha. Huenda hata hapa wasiniweke mezani tena."

Mama alilitazama sanduku lenye magurudumu, ambalo macho yake yaliliona kama kivuli chenye mpini.

"Nitaliwekea mashuka," alisema. "Andika, mwanangu. Herufi zikae vizuri."

Barua ya shirikisho aliipeleka ofisini kwao Jumatatu, ikagongwa muhuri wa kupokelewa mbele ya macho yake. Katibu aliisoma akiwa amesimama, akauliza kama ana hakika. Alijibu ana hakika.

Kisha akaenda posta na bahasha ya pili, ambayo anwani yake aliandikiwa na binti mrefu kama mlango kwenye kipande cha karatasi, na maneno machache chini yake: "Chelewa, shemeji, lakini fika." Ndani alitia nakala ya barua ile, neno kwa neno, na karatasi mpya ya takwimu ya mechi ya sitini na moja kwa hamsini na nane, aliyoinakili yote kwa mkono, wachezaji ishirini na wanne. Namba saba, ribaundi tatu. Namba kumi na moja, pointi kumi na nne, ribaundi kumi. Chini, mahali pa mwandishi, palikuwa na sahihi yake. Mahali pa mwitaji aliacha wazi, bila mstari. Hakuandika "laazizi". Hakuandika ombi lolote. Pembeni tu, kwa herufi ndogo kuliko zote: "Uliita sawa. Nilijua kanuni, nikakuzuia, nikanyamaza. Ilitokea."

Alilamba gundi, akafunga, akapitisha kidole gumba mara mbili.

"Ya kawaida au ya haraka?" aliuliza karani wa posta.

Karani alihesabu miezi.

"Ya haraka imekwisha kupita," alisema. "Lakini itie ya haraka."

Yule mtu akagonga muhuri, akaitupa bahasha nyuma yake bila kutazama, kwenye gunia lililokuwa wazi ukutani. Karani aliinua macho, akaifuata hewani, mpaka akaiona imeingia.